Mgongo Wangu na Mkebe wa Wanjeri

Kama nyumbani kwako kuna mkebe wa unga wa viungo, ule wa rangi ya udongo unaokorogwa kwa maji vuguvugu, usiumwage leo. Soma kwanza. Mimi niliumwaga kwa hasira, na nusura nizikwe Kalimoni, shambani kwa wakwe, kando ya baba mkwe wangu, mtu ambaye hata alipokuwa hai hatukuwa na mengi ya kuambiana.

Sasa naweza kukaa, kusimama na kushona, kwa hivyo naandika. Siandiki kwa kuwapenda watu. Ugonjwa umenionyesha watu kwa karibu na sikuvutiwa. Naandika kwa sababu tulikuwa wawili tuliokunywa unga huo, mimi na mama ya mume wangu, ambaye watoto wangu humwita Cucu, yaani nyanya, na sisi sote tukafuata. Mgongo wangu ulivunjika. Yeye alibaki Kalimoni akikoroga kijiko chake kila asubuhi, na ni mzee kuliko mimi kwa mbali. Hilo ndilo lililoninyima usingizi kuliko maumivu.

Mimi ni fundi wa nguo. Naishi Ruiru na mume wangu Karanja, na nina kibanda Thika mjini ambapo nashona sare za shule na marinda ya vitenge ambayo akina mama wa kanisa huvaa wote sawa kama askari. Ugonjwa ulianza na magoti, kisha vidole. Hospitalini walinipa vidonge vya maumivu na ushauri kwamba nipunguze kukaa. Fundi wa cherehani aambiwe apunguze kukaa. Ni sawa na kumwambia kuku apunguze kudonoa.

Hapo ndipo Wanjeri alipoingia. Wanjeri ni dada ya mume wangu. Ana gari dogo, kucha ndefu, na jibu la kila kitu. Atakuambia kwa nini serikali haina pesa, kwa nini mahindi yako yalikauka, na kwa nini msichana wa jirani hajaolewa. Unga huo aliupata kwa jamaa mmoja pale Kamakis, anayeuza kutoka kwenye buti ya gari karibu na mahali watu wanakula nyama choma. Baadaye nilienda kumwona kwa macho yangu. Alikuwa amevaa koti jeupe katikati ya moshi wa mbuzi, na watu wenye mafuta midomoni walikuwa wakimwita daktari. Mkebe ulikuwa na stika yenye picha ya mti ambao sijawahi kuuona popote, na mimi nimekulia shambani.

"Ni miti tu," Wanjeri aliniambia. "Haina kemikali hata kidogo. Si hata mama anatumia?"

Na ulifanya kazi, siwezi kudanganya. Kabla wiki haijaisha nilikuwa napanda ngazi kama msichana. Nilirudi kukanyaga cherehani mpaka jioni, nikala sahani mbili, na nikamsifu Wanjeri mbele ya mume wangu, jambo ambalo nilikuwa sijalifanya tangu niolewe. Dawa ya kweli ya viungo haifanyi kazi haraka hivyo. Lakini mtu aliyepona hana haraka ya kuuliza maswali.

Mvua za masika zilipoisha uso wangu ulikuwa umejaa ukawa mviringo. Tumbo likatangulia mbele. Nyuma ya shingo nyama ikajikusanya. Mikono na miguu ilibaki myembamba, na ngozi ikawa ya kuchubuka kwa kuguswa tu. Mtu mwenye akili angejiuliza huyu mama ananona vipi upande mmoja. Watu wetu hawakujiuliza. Kwetu mtu akinona amebarikiwa. Akikonda, ana ugonjwa, ana mkopo, au mume wake anamchapa. Wanawake wa kanisani walinishika mashavu wakaniambia ndoa imenikubali, na hiyo ndoa ilikuwa na mtoto aliyemaliza chuo. Kwenye chama chetu cha akina mama Wanjeri alinisimamisha mbele akanizungusha, wote waone mbele na nyuma, vile ng'ombe huzungushwa sokoni. Siku hiyo aliuza mikebe yote aliyokuwa nayo kwenye gari.

Ilipofika baridi ya Julai niligundua kwamba sketi yangu ya Jumapili inafagia sakafu. Hiyo sketi niliikata mwenyewe. Kitambaa kikifuliwa kinaweza kuruka kikawa kifupi, lakini hakuna kitambaa duniani kinachoota kama mahindi. Karanja alisema labda nimeanza kununua vitambaa vya bei rahisi. Nilikunja pindo, nikashona. Baada ya muda likagusa chini tena, nikakunja tena. Miaka yote hiyo nikipima miili ya watu, na sikufikiria kupima wangu. Mifupa ya mgongo ilikuwa ikibonyea polepole, nami nilikuwa nikirekebisha sketi.

Iliyonivunja ni chafya. Nilitamani iwe kitu cha heshima, ajali ya barabarani au kuanguka na gunia. Nilikuwa nakata kitambaa cha sweta, vumbi likanipanda puani, nikapiga chafya, na kitu kikaachia katikati ya mgongo. Nilibaki nimeinama juu ya meza, viwiko vikinishikilia, siwezi kupanda wala kushuka. Mteja mmoja alikuwa mlangoni. Aliniangalia nikihema hivyo, akaniuliza kama sare ya mtoto wake itakuwa tayari Ijumaa.

Benchi la hospitali ni chuo kikuu kisicho na mlinzi, yeyote anaingia na kufundisha. Nilikaa hapo asubuhi nzima kati ya mzee aliyefungwa mkono na mama mwenye mguu wa plasta, wakibishana kama mfupa huponywa na supu ya miguu ya ng'ombe au ya kichwa cha mbuzi. Hakuna aliyekuwa amepona, lakini wote walikuwa na hakika. Picha ilionyesha mifupa miwili ya mgongo imebonyea. Daktari wa siku hiyo aliniuliza bila kuinua kichwa kama kuna dawa natumia. Nikasema hapana. Sikuona kama nadanganya. Dawa ni kitu cha hospitali, na unga wangu ulikuwa miti. Aliandika kwamba ni umri, akanipa vidonge na mshipi mgumu wa kufunga mgongo, na akaita anayefuata.

Nililala nyumbani Ruiru mpaka mvua fupi zikaanza. Karanja alikuwa akinifunga mshipi kila asubuhi, anaufunga vibaya, anaufungua, anaanza upya. Alinikata kucha za miguu kwa makasi yangu ya kazi. Nilimgombeza kwa kuharibu makasi, naye akaendelea kukata. Nasema hivi kwa sababu nimesema mabaya ya wengi na huyo hakustahili.

Wengine walikuja na supu. Ruiru nzima ilinichemshia mifupa. Karanja mwenyewe aliibeba kutoka Kamakis kwenye chupa ya chai, na chai ya nyumba yetu ikanuka mbuzi mwezi mzima. Kama mfupa ungeponywa kwa mfupa, hakuna mbwa wa buchari ambaye angechechemea. Wanjeri hakuleta supu. Alileta mkebe mpya, akasema mgongo umevunjika kwa sababu kijiko kimoja kilikuwa kidogo, sasa nichukue viwili. Nikachukua viwili.

Siku ya kurudi kliniki, karani wa kusajili wagonjwa alichukua kitambulisho changu, akaangalia picha, akaniangalia, akaniuliza ni cha nani. Nikamwambia ni changu. Akaniuliza kwa upole kama ni cha dada yangu mdogo, maana watu hutumia bima za wenzao. Foleni yote ikageuka. Nilifika kwa daktari nikiwa nachemka. Safari hii alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu vya raba na uso wa mtu asiyetaka hadithi. Niliweka kitambulisho mezani nikamwambia amfundishe kijana wake kusoma.

Aliangalia picha, akaniangalia mimi, akarudi kwenye picha. Akaniomba nikunje mikono ya sweta, akaona madoa ya damu chini ya ngozi.

"Mama, unakunywa nini?" akauliza.

"Chai."

"Na nini ingine?"

Nikamwambia habari ya miti. Akashusha pumzi kama mtu ambaye ameshausikia wimbo huo tangu asubuhi. Akasema unga mwingi wa namna hiyo huchanganywa na dawa ya hospitali iliyosagwa na kufichwa ndani, dawa kali ambayo hata wao hutoa kwa kipimo na kwa woga, na mwili wangu wote ulikuwa ukionyesha dalili zake. Nilimwambia mfupa ni mfupa, unavunjwaje na unga? Akanielezea kwa njia ambayo hata mtu wa hasira angeielewa. Mfupa haukai tu kama jiwe, alisema. Kila siku kuna sehemu inabomolewa na sehemu inajengwa, vile ploti za Ruiru zinavyobomolewa nyumba za mabati kujengwa ghorofa. Dawa hiyo iliwafukuza wajenzi ikawaacha wabomoaji. Kisha akasema jambo la maana kuliko yote: mwili umezoea, umeacha kutengeneza ya kwake, kwa hivyo nisiache ghafla. Nirudi Jumatatu na mkebe, anipe vidonge vya kipimo kinachojulikana, tupunguze polepole.

Nilisikia. Masikio yangu ni mazima. Lakini nilifika nyumbani nikauona ule mkebe na picha ya ule mti wa uongo, nikamkumbuka Wanjeri akinizungusha mbele ya chama, na nikauona kama mate ya mtu kwenye sahani yangu. Nikaumwaga wote chooni. Nilijiona shujaa mpaka jioni.

Jumapili nilianza kutapika. Jumatatu asubuhi nilisimama kwenye sinki kuosha uso kwa ajili ya kliniki, miguu ikaisha nguvu, na sikumbuki sakafu. Karanja alinikuta hapo, akaniita jina langu la usichana, ambalo halitumii. Jirani alitoa gari. Niliamka na maji yanaingia mkononi, na yule daktari amesimama miguuni pa kitanda.

"Nilikuambia nini?" akasema.

Hakunipa pole, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Katika ugonjwa wote alikuwa mtu wa kwanza kunidharau kwa sababu nzuri.

Nilipunguziwa vidonge kidogo kidogo, Krismasi ikapita, kiangazi cha Januari na Februari kikapita. Ni kazi chafu. Maumivu ya magoti yalirudi yote na riba. Nililia kwa vitu vya kijinga, kama uzi kukatika. Nilipewa pia kidonge cha mifupa cha mara moja kwa wiki, nikachagua Jumapili. Ukishakimeza na maji matupu tumbo likiwa tupu, lazima ukae wima nusu saa, usilale, usile, usinywe chai. Karanja alikuwa akipika chai yake na kuiweka mezani bila kuigusa mpaka yangu ikubaliwe. Tunakaa hivyo wima kama watu wanaopigwa picha. Ukipewa kidonge hicho, kaa na mtu. Nusu saa hiyo ilinipeleka wiki nzima.

Uso ukaanza kurudi. Mashavu yakashuka, nikaona mifupa yangu ya uso kama wageni ninaowafahamu. Nilikuwa napona, na kanisa likaingia msibani. Wale walionishika mashavu sasa walinishika bega na kuteremsha sauti. Kikundi cha maombi kilikuja nyumbani na mikate, mmoja akaomba kwamba Mungu anirudishie afya yangu ya mwaka jana. Nikasema amina ili waondoke.

Kati ya haya yote nilikuwa nafikiria Kalimoni. Cucu alikuwa na mashavu ya mtoto. Alilima, alikata majani ya ng'ombe, aliinama na kuinuka, na kila alipoinama mimi nilishika mgongo wangu. Nisingeweza kumwibia mkebe. Mimi nilijua mtu hufanya nini sakafuni dawa hiyo ikikatwa ghafla, na yeye anaishi peke yake. Ilibidi akubali mwenyewe kwenda hospitali. Nilimwambia mara mbili kwa simu, akasema ndiyo ndiyo, akaniuliza bei ya vitunguu Thika. Karanja alijaribu kuongea na dada yake. Wanjeri alisema mimi nilivunjwa na cherehani, na kwamba kuna watu hawapendi kuona mama ya mwenzao akiwa na nguvu. Ndugu hao wawili hawakusalimiana mpaka Pasaka.

Jumamosi moja mvua za masika zikiwa zimeanza, nilifunga mshipi na Karanja akanipeleka. Tulimkuta Wanjeri ameshafika. Gari lake lilikuwa kwenye ua, nyama ilikuwa jikoni inachemka, na mkebe mpya ulikuwa mezani. Cucu alikuwa amevaa leso nzuri. Nilisema yote bila kukaa, maana kukaa na kusimama kulikuwa bado kunanigharimu. Nikamwonyesha mgongo. Nikamwambia kuhusu sketi, kuhusu chafya, kuhusu sinki. Nikamwambia kama hataki kunisikiliza mimi, aende tu akapimwe, daktari mwenyewe aseme.

Wanjeri alikuwa akikoroga kijiko kwenye kikombe. "Mama Ciku, ulisema mwenyewe umepona," akaniambia. "Sasa umegeuka. Mama hana shida. Mama, ambia yeye."

Cucu alikunja leso yake kwenye goti. Hakuinua sauti, aliongea kama anayeeleza mahali jembe lilipo.

"Mimi najua hiyo si miti," akasema. "Miti nimekunywa tangu nikiwa kasichana. Miti ni chungu na haina haraka."

Nikamuuliza kama alijua, mbona alikuwa anakunywa.

"Kabla ya hiyo dawa, Wanjeri alikuwa anakuja Krismasi," akasema. "Saa hii anakuja kila Jumamosi kuniletea. Nikiacha, atakuja kuleta nini?"

Jikoni sufuria ilikuwa inafurika na hakuna aliyeenda kuishusha. Kijiko cha Wanjeri kilisimama ndani ya kikombe. Nilikuwa nimebeba maneno makali kutoka Ruiru kwa ajili ya mwanamke huyo, nimeyapanga miezi mingi, na sikuona pa kuyaweka. Karanja alitoka nje kuangalia ng'ombe. Mwishowe Wanjeri alichukua kikombe, akakaa nacho mapajani, akasema kwa sauti ambayo sikuijua kwamba Jumatatu atampeleka mama hospitali.

Alimpeleka. Na mwezi uliofuata, na uliofuata. Msije mkadhani tumekuwa marafiki. Wanjeri hajawahi kusema pole, na nasikia siku hizi anauza mafuta ya nywele ya ajabu, Mungu awasaidie wenye nywele. Namdharau kama zamani. Lakini kliniki yetu huwa siku moja, na nikiwaona wakiingia, yeye amemshika mama yake kiwiko na kubeba chupa ya chai, huwa nasogea kwenye benchi.

Juzi tuliingia kwa daktari pamoja, watatu. Alimpima Cucu, akaangalia picha, akafurahi. Amemaliza vidonge vya kupunguza, mgongo umeshikilia, hakuna mfupa uliovunjika. Akasema hakuna haja ya kuja kila mwezi tena. Aje mvua za vuli.

Cucu, aliyekuwa ameingia akitembea wima kuliko mimi, alishika goti akaanza kuguna. Wanjeri aliangalia sakafu. Daktari aligeuka kwangu, maana ananijua kwamba sina simile na uongo.

"Mwandikie mwezi ujao, daktari," nikasema. "Huyu bado ni mgonjwa sana."